Koti Lililofukizwa Udi

Juzi nilikuwa kwenye lifti ya jengo moja katikati ya mji, tumebanana na mabegi yetu, lifti ikasimama ghorofa ya tatu akaingia mama mmoja wa buibui. Aliingia na harufu ya udi. Si marashi ya chupa yanayojifanya udi, la, udi wenyewe, ule wa kuchomwa kwenye makaa ukashika nguo siku tatu. Na mimi, mtu mzima mwenye miwani ya kusomea, nikahisi ladha ya maziwa machachu mdomoni, na machozi yakaja juu bila kuitwa. Kijana aliyesimama karibu nami akauliza, "Mathe, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa. Ningeanzia wapi kumweleza, na mimi nilikuwa nashuka ghorofa ya tano?

Nilikuwa nimetumwa na mama yangu. Kampuni ya maziwa aliyoitumikia tangu ujana wake inaadhimisha miaka mingi tangu ianzishwe, imechapisha kitabu kidogo cha historia, na imemwalika yeye na wafanyakazi wenzake wa zamani kwenye sherehe. Ofisi yao siku hizi iko mjini, ina zulia na msichana wa mapokezi anayekuuliza kama una miadi. Akanipa bahasha, nikakaa kwenye kiti nikaanza kupekua kitabu. Punda na mkokoteni wake uliojaa mitungi. Wakulima waasisi wamesimama kwa mstari, kila mmoja amekunja uso, maana zamani mtu hakupigwa picha akicheka. Lori la kwanza. Halafu nikakuta sentensi moja iliyojificha chini ya picha ya lori: "Katika kipindi hicho kampuni ilipoteza tangi zima la maziwa kwa sababu ambazo hazikubainika."

Nilicheka peke yangu hadi msichana wa mapokezi akainua kichwa. Sababu zilibainika vizuri sana. Sababu zilikuwa na miaka saba, mapengo mawili ya meno, na soksi zisizofanana.

Tulikuwa tunakaa Uthiru, kwenye ploti ya vyumba sita iliyozunguka mfereji mmoja wa maji. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa mama na mimi. Kampuni yenyewe ilikuwa bondeni, chini ya barabara kuu, jengo la mabati na matofali lenye bomba refu la moshi. Hakuna aliyeiita kampuni. Tuliiita Dairi. Wakulima wa pande zetu waliianzisha wakiwa na mitungi michache na punda wa kukodi, wakapeleka maziwa mjini kwenye mikahawa ya chai, mtungi kwa mtungi, mpaka wakaweza kununua mtambo wa kuchemshia. Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka maziwa yale ya pakiti za pembe tatu, namna ulivyokata ncha kwa meno ukijua utaambiwa usikate kwa meno.

Mama alikuwa mpokeaji wa maziwa. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama kwenye jukwaa la saruji, koti jeupe, gambuti nyeupe, kitambaa kichwani, na wakulima wamepanga foleni na mitungi yao. Siku za likizo alinichukua, nikakaa juu ya kreti iliyopinduliwa na kikombe changu cha uji. Nilimwona anavyofanya. Alifungua kifuniko cha mtungi, akainama, akafumba macho, akanyamaza. Wakulima nao walinyamaza, wengine wakavua kofia kabisa. Kisha alifumbua macho akasema, "Mwaga," yaani yamiminwe kwenye tangi, na mwenye mtungi akashusha pumzi. Mara mojamoja alitikisa kichwa na kusema, "Hii imelala. Rudisha," na hapo yalianza maneno.

"Mama Shiru, nusa tena bana! Hii nimekamua saa hii tu!"

"Umekamua jana jioni, Karanja. Na ukaiweka karibu na jiko."

Neno "nusa" nililisikia, sikatai. Lakini mtoto akishajiamulia jambo, masikio yake huwa ni mapambo tu. Kanisani kwetu watu waliinama, wakafumba macho, wakavua kofia na kunyamaza. Jukwaani pia waliinama, wakafumba macho, wakavua kofia na kunyamaza. Nikahitimisha kwamba mama alikuwa akiyaombea maziwa. Mtungi uliokubaliwa na Mungu ulimiminwa, uliokataliwa ulirudi nyumbani. Niliona ni kazi kubwa kuliko ya kasisi, kwa sababu kasisi aliomba Jumapili tu.

Jambo moja tu liliniumiza. Mama hakunukia vizuri. Alioga kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, na hakupaka mafuta yenye harufu. Shangazi alimletea chupa ya marashi Krismasi moja, akaiweka kabatini nyuma ya sahani za wageni, ikakaa humo bila kufunguliwa. Asubuhi hakugusa kitunguu wala mandazi yenye iliki. Jioni alirudi akinuka maziwa, na mimi niliyelala naye nikaenda shule nikinuka maziwa. Darasani kulikuwa na msichana mmoja, jina lake nimelisahau kwa makusudi, aliyekuwa akiziba pua nikipita. "Huyu ananuka mala," alisema, yaani maziwa yaliyoganda, na dawati zima likacheka. Mimi sikujua kwamba mama alijinyima harufu zote ili abaki na moja. Niliona tu kwamba mama yangu mwombaji hana cha kujipaka.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Bi Zuhura. Walikuwa watu wa Mombasa. Mumewe, Maalim Athmani, alisomesha chuo cha Kurani mjini, na kila Ijumaa asubuhi Bi Zuhura aliweka makaa kwenye chetezo cha udongo, akadondoshea vipande vya udi, akafunika kwa kapu lililopinduliwa, na juu ya kapu akatandaza kanzu ya mumewe. Moshi ulipanda taratibu ukaingia ndani ya kitambaa. Nilipenda kukaa pale nikitazama.

"Kwa nini unaifanyia hivyo?" nilimuuliza siku moja.

"Yuwaenda kusali, mwanangu. Mtu akienda kusimama mbele ya Mola wake hendi na harufu ya jikoni."

Basi. Mnaona wenyewe jambo lilipokuwa linaelekea.

Ulikuwa msimu wa mvua ndefu. Mama alikuwa na makoti mawili ya kazi, moja limefuliwa na limekaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, lingine limekunjwa tayari kwenye kiti kwa ajili ya kesho. Jioni hiyo mama alienda kununua sukuma na mafuta ya taa. Nikachukua lile koti kavu, nikaenda kwa Bi Zuhura. Alikuwa ndani akimwogesha mtoto wake mdogo, na chetezo alichokuwa amefukizia nguo za mtoto kilikuwa ukumbini kimebaki na makaa mekundu. Udi ulikuwa kwenye kikopo chake. Bi Zuhura alizoea kudondosha vipande viwili tu. Mimi niliona mama yangu anaombea mitungi mingi, nikaweka kiganja kizima, nikalitandaza koti juu ya kapu hadi moshi ukaisha.

Nililikunja upya nikalirudisha kitini. Mama aliporudi alikuwa na harufu ya mafuta ya taa mikononi, akawasha stovu, tukala, tukalala, na koti likiwa chumba cha nje na dirisha liko wazi.

Asubuhi niliamka mapema kwa raha. Nilisimama mlangoni kumtazama. Alilichukua koti, akatia mkono mmoja, akasita. Akanitazama. Mimi nikatabasamu na mapengo yangu yote mawili. Akatia mkono wa pili, akafunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni.

"Asante kwa kunikunjia koti," alisema. "Kunywa uji, usichelewe shule."

Akaenda na gambuti zake kwenye matope. Nikajiambia, hajajua. Atashangaa mwenyewe maombi yakipokelewa haraka.

Mchana huo nikitoka shule nilikuta watoto wanakimbilia bondeni. Mtaro uliotoka Dairi ulikuwa unatiririka maziwa. Meupe kabisa, yenye mabonge, yanapita katikati ya nyasi kuelekea mtoni, na mbwa wa mtaa mzima wamepiga foleni kama wakulima. Nilisimama pale nikipiga makofi kwa furaha. Nilidhani ni baraka. Nilidhani mama ameomba akiwa na koti linalonukia, na maziwa yakawa mengi hadi yakakosa pa kukaa. Nilikimbia nyumbani kumpongeza.

Nilimkuta ameketi kitandani na gambuti miguuni, na mama yangu hakuwahi kuingia ndani na gambuti. Hakuwa analia. Alikuwa akiutazama ukuta. Koti lilikuwa nje kwenye msumari.

Siku mbili zilizofuata niliyaokota mambo vipande vipande, namna watoto wanavyookota habari, chini ya meza na nyuma ya pazia. Mtungi mmoja uliochacha ulikuwa umepita jukwaani. Kulikuwa na spiriti ya kupimia kama maziwa yamechacha, lakini ilikuwa haba, ilitumiwa kwa mtungi ambao pua ya mama imeutilia shaka tu, na ule haukutiliwa shaka. Ukamiminwa tangini, ukaharibu tangi zima, na maziwa yalipofika kwenye mtambo wa kuchemshia yakaganda ndani ya mabomba. Lori halikwenda mjini. Maalim Athmani alirudi akisimulia kwamba mkahawa wake wa kila siku umempa chai ya rangi. Kibaya zaidi, mtungi wenyewe ulikuwa wa Karanja, na Karanja alikuwa binamu ya mama. Watu wakaanza kusema mama amempitishia jamaa yake. Kamati ingekaa Jumamosi kuamua kama atafukuzwa.

Ijumaa jioni Bi Zuhura alikuja kumpa pole, nami nikiwa kwenye mkeka natoa minji kwenye maganda yake.

"Nimewaambia wale wa Dairi nilikuwa na mafua," mama alisema. "Wananiuliza kwa nini sikusema, juu sheria ni ukiwa na mafua usisimame hapo. Wako right. Wacha wanifute tu."

"Mafua gani?" Bi Zuhura aliuliza. "Mie nakaa ukuta wa pili. Sijakusikia ukipiga chafya hata moja."

Mama alinitazama mara moja haraka, kisha akainuka kwenda kuteka maji.

Bi Zuhura naye alitoka, na akipita karibu na msumari alisimama. Akaushika ukosi wa koti, akauleta puani. Alirudi mlangoni taratibu.

"Shiru, mwanangu. Huu udi ni wangu."

"Ndio," nilisema kwa fahari. "Nilimfukizia. Ndio aombee maziwa vizuri."

Alikaa chini kwenye mkeka, mama mnene yule, akanishika mikono yote miwili pamoja na minji yake. "Mamako hasali pale, mwanangu," alisema. "Mamako yuwanusa. Kazi yake ni pua. Umemfunga kitambaa cha macho ukampeleka barabarani."

Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile tena maishani. Yale maziwa kwenye mtaro, furaha yangu, wale mbwa. Nilitaka kuingia chini ya kitanda nisitoke. Bi Zuhura akasema ataenda yeye Jumamosi, atawaambia wazee kosa ni la udi wake. Nikamwambia hapana. Nilikuwa mtoto mwoga, niliogopa kuku, lakini nilimwambia, "Nitasema mimi."

Kamati ilikaa kwenye chumba kilichonuka rangi mpya na maziwa ya zamani. Wazee watano, na meneja, Bwana Gathogo, mtu mrefu aliyesema maneno machache kana kwamba anakatiwa ushuru kwa kila neno. Mama alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma. Bi Zuhura alisukuma mlango bila kubisha, akanitanguliza. Nilikuwa nimelibeba koti ndani ya mfuko wa nailoni, tumeufunga fundo ili harufu isitoroke.

"Shiru, rudi nyumbani," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuogopa, si ya hasira.

"Ni mimi," nikasema. "Mama hakuwa na mafua. Ni mimi niliweka koti yake moshi. Nilidhani anaombea mitungi."

Nikaanza kulia kwa sauti, ile ya kukosa pumzi. Bwana Gathogo alifungua fundo, akachungulia ndani ya mfuko, akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Wah! Hii si koti. Hii ni harusi."

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Lakini mwingine, Mzee Njuguna, hakucheka. "Hiyo ni story tamu," alisema, "lakini tutajuaje pua bado iko? Na tutajuaje si mambo ya binamu?"

"Nipimeni," mama alisema. "Leteni mitungi. Msiniambie ni ya nani."

Wakampa koti la mtu wa mtambo, wakamfunga leso machoni, tukatoka wote hadi jukwaani. Mitungi sita ikapangwa. Mama akasogea, akainama, akanyamaza. Safari hii nilijua anachofanya, nami nikanyamaza kwa nguvu zangu zote. Mtungi wa kwanza: "Mwaga." Wa pili: "Mwaga, lakini huyu anawapa ng'ombe kabeji, mwambieni apunguze." Wa tatu: "Ya jana. Rudisha." Wa nne na wa tano ikapita. Wa sita akakaa nao muda mrefu, uso ukakunjamana.

"Hii maziwa ni poa," alisema. "Lakini imebebwa na mafuta ya taa kwa mkokoteni moja. Siwezi kuipokea."

Mzee Njuguna alikuwa amevua kofia anaitazama ndani kana kwamba amepoteza kitu humo. Ule wa sita ulikuwa wake.

Wakulima waliokuwa wamejazana kwenye ua walipiga kelele hadi punda wakashtuka. Bwana Gathogo alimgeukia karani. "Andika sababu haikubainika. Siwezi kuweka kwa minutes ati kampuni imeangushwa na mtoto wa class two." Jumatatu mama alirudi kazini. Wiki hiyo fundi akaja na ndoo ya rangi nyekundu, akaandika ukutani juu ya jukwaa: MANUKATO MARUFUKU HAPA. Kila nilipopita nilijua ni mimi nimeandikwa pale, nami nikawa nasikia haya na, tusidanganyane, majivuno kidogo.

Kitabu hakisemi hayo, lakini kinasema mengine ya kweli. Kuna miaka Dairi ilibaki na uhai wa kuhesabika pumzi, mitambo ilipofungwa na wafanyakazi wengi wakaenda. Wakulima hawakuhama. Waliendelea kuleta mitungi jukwaani kwa mama, kwa sababu walijua kizuri kitapokelewa na kibaya kitarudishwa, hata kikiwa cha mzee wa kamati. Sasa kampuni ina mashine za kupimia, na maziwa yake yanauzwa hadi Riruta kwenye vile visanduku vya kubonyeza ukachota kwa chupa yako. Jirani zangu wa Muthangari wanayanunua bila kujua habari ya punda.

Nilifika nyumbani na bahasha. Mama anakaa nami siku hizi. Nilimsomea ile sentensi, akacheka hadi akashika kiti. Nikaona nimuulize jambo nililolibeba miaka yote.

"Mama, ile asubuhi. Kweli hukuisikia harufu?"

"Wewe mtoto," alisema, na mimi nina mvi. "Mimi ndiye nilikuwa najua ng'ombe ya nani imekula nini. Nisisikie udi? Niliisikia kabla sijafika kwa kiti."

"Basi kwa nini ulilivaa?"

"Lile lingine lilikuwa majimaji. Na wewe ulikuwa umesimama hapo kwa mlango, unanitazama na hayo mapengo. Hakuna mtu alikuwa amenifanyia kitu kizuri siku nyingi. Ningelivuaje?" Alikichukua kile kitabu mkononi mwangu. "Nilijiambia upepo utaitoa njiani. Haikutoka. Lakini hiyo siku, Shiru, nilipanda jukwaa kama bibi harusi."

Nilikwenda kumwandalia nguo ya sherehe, gauni la kijani alilojinunulia mwenyewe. Nilikuwa nalipiga pasi aliponiita kutoka sebuleni.

"Kile chetezo ulichoachiwa na Zuhura, bado uko nacho?"

Ninacho. Bi Zuhura alipofariki binti yake aliniletea, kimefungwa kwa gazeti, kina ufa upande mmoja.

"Washa makaa," mama alisema. "Kesho sipimi maziwa ya mtu. Na usiweke vipande viwili kama mchoyo. Weka vile uliweka."